Pikipiki ya Fundi Saa

Fundi saa tunayemsimulia hapa alikuwa na safari moja kubwa maishani mwake, na hiyo moja hakuwahi kwenda.

Wateja walimwita Dakika. Ukimpelekea saa iliyosimama angeisogeza sikioni, akabana kioo chake kwenye jicho, akakwambia, "Dakika tu," nawe ukarudi wiki ijayo. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la vitambaa na ngazi za jengo la ghorofa mbili. Ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na huku. Humo alikaa miaka thelathini na mitatu akichokonoa vitu vidogo kuliko punje ya mchele, na mtu anayeinamia vitu vidogo namna hiyo kutwa nzima, akili yake lazima itafute pa kunyooshea miguu.

Yake ilianza kutafuta mapema. Siku alizokuwa akimchumbia mkewe, kijana mwembamba mwenye shati la kuazima, aliona hana hata kitu kimoja cha kujivunia, akaamua kutia chumvi. Alimwambia kwamba kabla ya kujifunza saa alipanda pikipiki akavuka nchi nzima peke yake, siku kumi na moja njiani. Msichana akakaa vizuri, akasema, "Nisimulie." Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana Dakika hakuwahi kuambiwa neno hilo na mtu yeyote.

Basi akasimulia. Kulikuwa na daraja refu mno, ukifika katikati huoni ulikotoka wala unakokwenda, unasikia maji tu. Kulikuwa na mji wa ukungu, ambako watu walitembea na vikengele mikononi wasije wakagongana, na mama mmoja alimpa chai bure kwa sababu tangu juzi hakuwa ameona uso wa mtu. Walipooana akaendelea. Binti yao alipougua surua, alisimulia. Umeme ulipokatika, alisimulia. Mkewe alipofiwa na mama yake, akawa halali wala hali, alimwomba mji wa ukungu siku tisa mfululizo, na siku ya kumi akalala usingizi mzito. Uongo wa kwanza ulikuwa wa kujisifu, huo mwingine wote ulikuwa wa mapenzi, lakini ukweli ni kwamba Dakika hajawahi hata kushika usukani wa pikipiki.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule. Nyuma ya stoo ya jikoni, chini ya madawati yaliyovunjika, ilizikwa pikipiki ya mwalimu mkuu wa zamani sana, ambaye hata jina lake lilibaki kwenye ubao wa ukutani tu. Shule ilipoamua kuuza vyuma chakavu kwa kilo, mama huyu alichukua akiba aliyokuwa akiitunzia cherehani, akanunua kile chuma chote, akakileta nyumbani juu ya mkokoteni.

"Nimekuletea mwenzio," alisema, uso unang'aa. "Itengeneze, mzee wangu, unipeleke kwenye ukungu. Nimechoka kusikia, sasa nataka kuona."

Dakika alizunguka ule mkokoteni mara mbili. Tangi lilikuwa na kutu, kiti kimeliwa na panya, tairi zimepasuka kama visigino. Alishukuru Mungu kimoyomoyo kwa ubovu huo.

"Hizi spea zake hazipatikani siku hizi," alisema.

"Wewe ni fundi," mkewe akajibu, akaingia ndani kubadili nguo.

Mpango wa Dakika ulikuwa kushindwa. Angeshikashika kidogo, ajikune kichwa, mwisho aseme haiwezekani, na safari ibaki ilipo. Lakini mikono ina ukaidi wake. Injini ilikuwa imekwama, akamimina mafuta ndani ya silinda aache tu, apate cha kusema. Baada ya wiki mbili alisukuma kiki kwa kidole cha mguu, nayo injini ikasogea. Alikaa chini kwenye kigoda cha uani akiwa na furaha na hofu, hajui ipi ni ipi.

Tangu hapo akawa mtu wa uani. Kibanda alikifunga saa kumi, akarudi kujikunyata kwenye mwanga wa jioni uliopita kati ya nguo zilizoanikwa. Alitia kokoto na mafuta ya taa ndani ya tangi akalitikisa mpaka mabega yakafa ganzi na kutu ikatoka nyekundu. Kabureta aliifungua juu ya sinia la mkewe, akazibua vitundu vyake kwa waya mwembamba wa saa. Gasketi alizikata kwa mkasi kutoka kwenye jalada la faili. Kiti alikishona kwa ngozi ya begi la shule lililotupwa. Kile alichoshindwa kununua alikitengeneza, na kile alichoshindwa kutengeneza alikisubiri, mara nyingine mwezi mzima, akikisugua kilichobaki kwa msasa mpaka kikaanza kuonyesha anga.

Siku nyingine alipanda juu yake ingali imewekwa kwenye matofali, haina magurudumu, akafumba macho. Hapo uani palikuwa kimya, na mle kwenye ukimya alisikia vikengele. Alifika mahali akawa karibu kujiamini mwenyewe.

Fremu ilikuwa na ufa, akampelekea jirani, mchomeleaji aliyeitwa Cheche. Cheche alimaliza kazi, akavua miwani yake myeusi.

"Mzee, wewe umeziendesha hizi enzi zile. Eti gia ya kwanza yake unakanyaga chini au unainua juu?"

"Inategemea," Dakika alisema.

"Inategemea nini?"

"Na barabara."

Cheche akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Dakika alirudi nyumbani, na kila nati aliyoikaza tangu siku hiyo aliiona inakaza shingo yake. Angeweza kuacha waya mmoja umelegea. Alijaribu kweli: aliuacha, akaenda kula, tonge likakataa kushuka, akanyanyuka akaenda kuukaza. Amekula kwa mikono hiyo maisha yake yote, sasa aanze kuisaliti uzeeni?

Miezi minane ikapita hivyo. Jumapili moja asubuhi alipiga kiki mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, ikakohoa. Ya tatu ikawaka, ikatetemeka, kisha ikatulia, ikawa inahema polepole na moshi wa bluu ukipanda katikati ya mashuka. Dakika alitokwa na machozi. Alipogeuka, mkewe alikuwa mlangoni, kitambaa amekifunga vizuri kichwani, begi dogo mkononi. Alikuwa amelipanga tangu lini, hakumwambia.

"Panda tuondoke," alisema mkewe.

Dakika alizima injini.

"Bibie, sikia. Mimi sijawahi kuendesha pikipiki."

Mkewe alicheka kidogo, kisha akaona mumewe hacheki. "Unasema nini?"

"Sijawahi. Hata siku moja. Nilikuwa nataka unipende."

"Na daraja?"

"Lilikuwa kwenye kalenda ya duka la jirani."

"Na mji wa ukungu?" Sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Yule mama wa chai?"

"Nilimtunga. Wote niliwatunga."

Mkewe aliweka begi chini. Alikaa kwenye kizingiti akatazama mashuka yake kwa muda mrefu, na Dakika alisimama pale kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, roho mkononi. Alijua anaweza kumpoteza akiwa humohumo ndani ya nyumba, akila naye meza moja, asimwambie tena nisimulie mpaka kufa.

"Unajua kinachoniuma?" mkewe alisema hatimaye. "Si uongo. Wanaume wote waongo, nilionywa mapema. Miaka yote hii nilikuwa nakuonea wivu. Nasikiliza, halafu nasema moyoni, huyu alikwenda peke yake, mimi niko jikoni. Kumbe umeniacha nyumbani miaka thelathini kwa safari ambayo hata wewe hukwenda."

Dakika alilia tu, bila kujificha, na mkewe akamwacha alie.

Kisha akanyanyuka. "Haya, sukuma."

"Wapi?"

"Uwanja wa shule. Mlinzi ananijua. Utajifunza leo."

Walisukuma, Dakika mbele kwenye usukani, mkewe nyuma, mpaka getini. Uwanja ulikuwa mtupu, nyasi bado zina umande. Dakika aliijua klachi ile kwa kila sahani yake. Kitu asichokijua kilikuwa namna ya kuiachia. Injini ilizima mara sita. Mara ya saba pikipiki iliruka, ikatembea, mkewe akakimbia nyuma ameshikilia kiti, akipiga kelele, "Tazama mbele! Mbele!" Halafu akaachia.

Dakika alikwenda. Alikwenda akiyumba, miguu imetanuka, akauvuka uwanja wote mpaka karibu na uzio wa upande wa pili, injini ikazima, akabaki amesimama huko, mdogo kwa mbali.

"Umefika wapi?" mkewe alipaza sauti, mikono kiunoni.

Dakika alitazama huku na huku. "Penye uzio!"

"Kuna nini?"

"Kuna goli limeinama! Na ndoo imepasuka chini! Na nyasi zimenirushia umande mpaka magotini!"

Mkewe alisimama akisikiliza, mkono mdomoni. Hiyo ndiyo habari ya kwanza ya kweli aliyoletewa kutoka safarini.

"Basi rudi unichukue!"

"Sijui kugeuza!"

"Usigeuze," mkewe alisema, ingawa kwa mbali vile hakuweza kusikika, akakunja gauni lake hadi magotini, akaanza kuvuka uwanja.