Kaseti Iliyoenda Lukafu

Juzi mjukuu wangu alinitumia odio kwenye telefone. Anasoma masomo ya msingi upande wa Kasapa, na mwalimu wao ameanzisha jambo: mtoto akimaliza kuandika habari yake, anaisoma kwa sauti, inarekodiwa, na wazazi wote wa klasi wanaisikia. "Kambo, sikiliza, niliandika miye mwenyewe," alianza, kisha akasoma habari ya mbwa wao mpaka mwisho bila kujikwaa. Nilikuwa nachagua maharagwe. Niliweka sinia chini nikasikiliza mara tatu. Wa nyumbani wakaniuliza kama nalia. Nikawaambia wanipishe.

Anayenijua anajua silii ovyo. Sikusoma sana, na hilo silifichi. Miaka sita tu ya masomo, tena mmoja niliurudia. Duka, nyumba ya vyumba vitano, watoto waliofika mpaka universite, yote niliyatafuta kwa mikono hii. Lakini hata hiyo miaka sita nusura isiwepo, na kilichoiokoa kilikuwa sauti kwenye kaseti.

Nililelewa na kambo, mama wa mama yangu, hapa Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo, katika ua uliokuwa na moshi wa makala, yale makaa ya kupikia, toka asubuhi mpaka jioni. Kambo alipika chikanda, ile mikate mizito ya mizizi ya porini na karanga, akaiuza katika beseni kando ya barabara, karibu na mafundi cherehani. Mimi nilitwanga mizizi mpaka ikawa unga laini, nikakaanga karanga, nikasaga pilipili. Mpaka leo nikisikia kinu kwa jirani, mabega yangu yanauma yenyewe. Chikanda yake ilikatika vipande safi kama sabuni, na watu waliifuata kutoka mitaa mingine.

Masomo nilikwenda, lakini kusoma sikujua. Maneno ya tablo, ule ubao wa mbele, niliyanakili kama mtu anayechora maua ya kitambaa cha kikwembe, bila kujua yanasema nini. Klasi iliposoma kwa pamoja, niliimba na wenzangu. Nilikuwa na kichwa kizuri cha kushika maneno, ndicho kilinibeba. Lakini mwaka mmoja nilikuwa nimekwisha kuurudia, na kambo alisema neno lake mara moja tu: "Ukirudia tena, masomo imeisha. Utakaa na miye ku beseni." Kambo hakuwa mtu wa kutisha halafu asahau.

Mwaka ule tulikuwa na mwalimu kijana, mwembamba, shati jeupe kila siku. Rafiki yake alifundisha Lukafu, mashambani kule, nao wakapatana kitu. Watoto wa huku waandike habari ya kazi wanayoijua, waisome kwenye radio ya kaseti, kaseti ipande lori linaloenda kuleta mihogo, na watoto wa Lukafu wajibu vilevile. Tulingoja king'ora cha saa sita cha kiwanda kilie mpaka kinyamaze, tukafunga madirisha, tukaweka kitambaa juu ya meza ili radio isigonge. Kila mtu mara moja tu, maana mabuye ya radio, zile betri, yalikuwa yamechoka.

"Nani hajasoma?"

"Ule kule, Mwalimu. Anajificha nyuma ya mwenzake."

Nilisimama mbele. Kaye yangu, daftari lile, haikuwa na hata neno moja la chikanda. Nikaifungua popote, ukatokea ukurasa wa hesabu za jana, nikaanza "kusoma". Nilisema mizizi inavyooshwa, unga unavyochungwa, karanga zinavyochemka na pilipili, mwiko unavyozunguka mpaka mkono unakufa, makala yanavyowekwa juu ya kifuniko. Nilisema vizuri, bila kujisifu. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu kushika mikro, na ukurasa uko chini ya pua yake. Nilipomaliza alizima radio. "Mwingine," akasema, basi.

Aliona. Nilijua ameona. Majuma yaliyofuata sikula vizuri. Nikiona shati jeupe kwenye kona ya barabara yetu, naingia chooni, nakaa humo mpaka kambo anaita.

Lori likarudi na kaseti ya Lukafu. Kwanza jogoo, halafu watoto wanasalimu kwa sauti moja, halafu habari za kuvuna mahindi na kufukuza ngedere. Mwishoni msichana mmoja akasema, sauti kavu kabisa: "Tulipika ile chikanda ya mutoto wa Lubumbashi. Haikushikana. Ikabakia uji, tukakula na kijiko. Atuambie vizuri."

Klasi ilicheka mpaka Mwalimu akapiga tablo. "We Mama Uji," akaninong'oneza mwenzangu wa benchi, "unadanganya bantu mpaka Lukafu?"

Nikabaki nafikiri. Nilikuwa nimesema yote niliyoyajua. Ndipo nikakumbuka: kila mara sufuria ilipofikia mahali fulani, kambo alinituma bombani. Nikirudi na ndoo, kifuniko kiko juu.

"Kesho uje na kambo yako," akasema Mwalimu. Nikajua yamekwisha.

Kambo alikuja na kikwembe chake cha kanisani na beseni kichwani, maana hakutembea mikono mitupu. Mwalimu akampa kiti, akaniambia nisome tena ili mama asikie kinachokosekana. Nikafungua kaye, nikasema yote kama mara ya kwanza. Kambo aliniangalia usoni toka mwanzo mpaka mwisho.

"Majivu," akasema. "Hakusema maji ya majivu."

"Kwa nini, mama?"

"Hajui. Namutumaka ku maji."

Klasi ikacheka. Yeye hakucheka. "Lukafu iko mbali, Mwalimu?"

"Mbali, mama. Lori inalala njiani."

"Hakuna wa kule atakuja kuweka beseni karibu na yangu?"

"Hakuna, mama."

"Na hawa?" Akatuonyesha sisi kwa kidevu. Mwalimu akatutoa wote nje.

Tulimsikia hata hivyo, maana aliongea na radio kama mtu anayeongea na kiziwi. Aliwapa watoto wa Lukafu kipimo cha majivu, kisha akawagombeza kwa kula uji wa chikanda na kijiko kama wagonjwa. Alipotoka, Mwalimu alimsindikiza mpaka mlangoni, nami nimesimama pale.

"Mama, huyu mtoto uniachie kidogo kila siku nyuma ya masomo."

"Ju ya nini? Ameharibu kitu?"

"Hapana. Anasema vizuri. Nataka tuandike ile anasema."

Habari ya kaye hakuitaja. Nikavuta pumzi ambayo sikuwa nimeivuta tangu kaseti ile iondoke.

Tulikuwa karibu kufika nyumbani kambo alipofungua kinywa. "Mutu anasoma, macho yake inatembea. Yako ilisimama."

Nikaificha kaye nyuma ya mgongo.

"Mwalimu anajua?"

"Anajua."

"Na hakukuaibisha mbele ya wenzako." Akapanga vizuri beseni kichwani. "Utaenda. Kila siku atakayo. Chikanda nitatwanga miye."

Niliketi ukingoni mwa mtaro, pale pale, nikacheka peke yangu. Yeye aliendelea kutembea bila kuningoja.

Mwalimu alifanya hivi: mimi nasema, yeye anaandika, halafu ananirudishia karatasi niyasome maneno yangu mwenyewe. Kwa kuwa niliyajua, herufi zilianza kusimama moja moja, mahali pake. Sikurudia mwaka tena. Nilifika mwaka wa sita, kisha maisha yakaniita, nikaenda.

Sasa ua ule umejengwa maduka. Yule mwalimu alihamishwa, baadaye tukasikia amefariki. Kambo nilimzika mwenyewe. Kaseti, bila shaka mtu alirekodi kwaya juu yake. Mjini hapa hakuna tena anayejua kuwa nilisimama mbele ya klasi nikasoma hesabu kama chikanda. Waliojua walikuwa wawili, na wawili hao walininyamazia mpaka mwisho wao. Kwa hiyo nimelisema mimi, kwa maandishi, polepole, kwa mkono wangu.