Debe la Maharage Mlangoni mwa Kanisa

Mimi niliishia darasa la tatu, hapa hapa Tumati, lakini mjinga namtambua hata akivaa tai.

Mzee wetu wa kanisa alivaa tai Jumapili ile ya mavuno. Alisimama mlangoni akipokea sadaka: mahindi, ngano, kuku waliofungwa miguu. Mjukuu wangu, aliyezaa bila kuolewa, kanisa likamtenga, akafika na debe la maharage kichwani, mtoto mgongoni. Maharage hayo aliyalima mwenyewe akiwa na tumbo. Asubuhi alikuwa ameniambia, "Bibi, wakinipokea nitaomba mtoto abatizwe. Wakinikataa, sirudi tena."

Mzee akalitazama debe kama ameona nyoka. "Hilo weka nje, pale kwenye jiwe. Yasichanganyike na ya watu mpaka utubu mbele ya usharika." Mjukuu wangu akalitua pale.

Yasichanganyike! Hayo mimi niliyaona yeye hajazaliwa. Zamani kwetu binti akibeba mimba kabla ya kuolewa alitengwa. Haombi moto kwa jirani, haazimi jembe, mtoni ana njia yake peke yake. Tulipobatizwa tukaambiwa huo ni upagani. Kumbe tumeuvalisha tai tu.

Nikamwambia, "Wewe! Bwana Yesu alimwomba maji yule mwanamke wa Samaria, mwenye waume watano, tena kwa chombo chake. Wewe unaogopa maharage?"

"Shikamoo, bibi," akasema, eti kunituliza.

"Kaa nayo."

Mungu wa mzee huyu ni mdogo kweli. Aliyeumba mlima Hanang atachafuliwa na debe? Hata mbuzi wangu haulizi majani yamekatwa na nani.

Nikaingia ndani, nikatoa vitunguu saumu vyangu vilivyokwisha kuwekwa mbele, nikavimwaga kwenye lile jiwe. "Vimetoka shamba moja na maharage. Kama ni uchafu, vimeshaambukizana." Nikajiona shujaa.

Mjukuu wangu hakunisifu. Alisema polepole, "Na wewe je, bibi? Mgeni akija, si ulikuwa unanificha kule kwa ng'ombe?"

Ni kweli, mpaka alipojifungua. Mimi, kiongozi wa akina mama, niliona atanichafulia jina. Mzee yule aliweka nje debe. Mimi nilimweka nje mtoto wa mwanangu, halafu jioni napiga magoti naomba neema, yangu peke yangu.

"Nisamehe," nikamwambia, watu wote wakisikia. Sijawahi kumwomba mtoto msamaha.

Yeye akafungua kanga, akanipa mtoto, akajitwika debe lake na kwenda nalo moja kwa moja mlangoni. Mzee alirudi nyuma, nusura akanyage kuku.

Nikafuata na kitukuu changu mgongoni. Nilipofika usawa wa ile tai nikasimama kidogo.

"Marahaba," nikamwambia, nikaingia.