Wimbo wa Tisa

Studio ilikuwa Changamwe, chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, kuta zimefunikwa magodoro ya zamani. Ndege zilizokuwa zikishuka uwanjani zilipita juu ya paa, na kila ilipopita moja, fundi wa mitambo aliinua mkono na sote tukanyamaza. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alirekodi albamu yake yote hivyo, baina ya ndege na ndege. Nyimbo tisa: gitaa, ngoma mbili, na sauti yake iliyokwaruza kidogo, kana kwamba ameamka sasa hivi.

Wimbo wa tisa ulikuwa wa mama yake. Mama mkubwa ameuimba jikoni kwake Likoni, akikuna nazi, tangu sisi watoto. Lakini hajawahi kumsikia mwanawe akipiga gitaa. Mumewe alikuwa mpigaji gitaa wa hoteli za Nyali. Alikwenda kazini siku moja asirudi, na mama mkubwa akaapa wallahi chombo hicho hakitalia tena masikioni mwake. Kaka yangu aliamini wimbo huu ungemlainisha.

"Akijisikia mwenyewe mle ndani," aliniambia, "atanisamehe hivi vidole."

Mimi ndiye niliyeuandikia wimbo huo maneno mapya. Nilikuwa nimeanza riwaya yangu ya kwanza na kila sentensi yangu nilikuwa nikiionea fahari. Kaka yangu aliyasoma maneno hayo taratibu, akanirudishia.

"Mazuri, dada. Lakini yamevaa viatu. Mama huimba pekupeku."

Nilicheka. Kisha nikaketi juu ya ngoma iliyokuwa haitumiki, nikamtazama akirekodi wimbo kwa maneno ya mama yake. Aliporudia mara ya tatu ndege ilipita, fundi akainua mkono, na kaka yangu akainamisha kichwa juu ya gitaa akalia. Fundi alikuwa ametupa mgongo. Ni mimi tu niliyeona.

"Usimwambie mtu."

"Simwambii."

Albamu ilipotoka, Nyali walimpigia makofi. Gazeti moja la mtandaoni lilimsifu kwa maneno ambayo yangefaa pia kusifia sabuni. Likoni walisikiliza wakiwa wamekunja uso. "Huyu ni mgonjwa au anaimba?" aliuliza muuza samaki. Ila wimbo wa tisa waliupenda, kwa kuwa waliujua. Kaka yangu aliwaomba majirani jambo moja: wasiupige karibu na mama yake. Dada yake alikuwa anaolewa. Siku ya harusi, alasiri, wanawake wakimaliza vugo, angeingia uani, akae miguuni pa mama yake, ampigie. Mtaa mzima ukaitunza siri hiyo.

Vugo ni ngoma ya wanawake peke yao. Hugonga pembe kwa vijiti, wakaimba mafumbo ya kumchoma mtu bila kumtaja. Anayechomwa hujibu kwa ubeti wake palepale. Asipojibu, ule ubeti unabaki kuwa jina lake.

Wiki moja kabla ya harusi, kiongozi wa waimbaji, jirani yetu mwenye ulimi wa wembe, alikuja kwetu. "Mwanangu wewe mwandishi. Nitungie kitu kwa ile sauti ya wimbo wa tisa. Chenye pilipili."

Ningeweza kukataa. Niliandika kabla chai yake haijapoa.

*Mwana kalia studio, ndege ikampitia,*
*gitaa kakumbatia, mama akimlilia,*
*ndevu zote kidevuni, ziwa hajaliachia.*

Siku ya harusi uani palijaa leso na udi. Mama mkubwa aliketi kwenye mkeka, mimi pembeni yake. Pembe zilipoanza ile sauti aliinua uso ghafla. "Mbona huu ni wangu?" Akatabasamu kama msichana. Kisha maneno yakaja, wanawake wakavunjika mbavu, naye akacheka pamoja nao mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

"Nani huyo, mwanangu? Nani huyo mwenye ndevu hajaacha ziwa la mamake?"

Mwanamke mmoja alielekeza kidevu mlangoni. Kaka yangu alikuwa amesimama pale, kanzu nyeupe, gitaa kifuani, amefika mapema mno.

Mama mkubwa alilitazama gitaa, si mtu. Uso ulimkauka.

"Kumbe," alisema. "Mwana wa baba yake."

Akainuka, akaichukua pembe mkononi mwa jirani, akauanza ubeti upya yeye mwenyewe, kwa sauti ileile ya jikoni. Uani palilipuka vigelegele.

"Jibu, mwanamume!" walimpigia kelele. "Au ndege imekupitia tena?"

Hapo ndipo aliponitazama. Alingoja mpaka ubeti ukaisha.

"Dada," alisema, kwa upole uleule wa studio, "haya hayakuvaa viatu."

Akageuka akaondoka.

Siku hizi anafanya kazi ya ukarani bandarini Kipevu. Ijumaa humletea mama yake samaki. Mama mkubwa bado hajaisikia albamu, na hukuna nazi akiimba ubeti wangu. Wa kwake ameuacha. Nimemwona kaka yangu akisimama nje ya mlango wa jiko, mfuko wa samaki ukichuruzika maji miguuni pake, anangoja mama amalize ndipo apige hodi.