Mivukuto ya Sikuzani na Lori la Usoke

Sikuzani binti Abasi bin Nassibu, wa Gongoni, Tabora. Nassibu ndiye aliyebeba meno ya ndovu begani toka Tabora hadi pwani, akarudi na marobota ya nguo, na hakuna aliyewahi kusema aliangusha mzigo njiani. Abasi mwanawe alikataa kubeba mizigo ya watu, akafua majembe, na majembe yake yamelima mpaka Puge. Sikuzani ndiye aliyevuta mivukuto ya baba yake tangu utotoni, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, akarudi anaijua injini kama wengine wanavyolijua jiko. Anayesema mwanamke halali chini ya gari hakupata kupita Gongoni.

Mwaka ule vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha na maduka yalikuwa matupu. Asubuhi moja akamjia Kornel, dereva wa lori la kijiji cha ujamaa nje kidogo ya Usoke.

"Shikamoo, dada fundi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo, kijijini hamli?"

"Nitakula nini, dada? Wananiita mhujumu."

Akaeleza. Lori lao lilikuwa kuukuu, la tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili iisukumie injini hewa. Tangu kiangazi kuanza, lori lilikuwa halivuti. Likibeba tumbaku linatambaa mchangani, linatoa moshi mweusi kama tanuri, na dizeli linakunywa kupita kiasi. Bertila, mtunza stoo, akaona pipa linashuka haraka, akamwambia mwenyekiti. Sasa kijiji kizima kinasema Kornel anauza dizeli njiani. Jumapili baada ya misa kuna mkutano. Asipojitetea, atanyang'anywa funguo na kupelekwa polisi.

"Nami sijauza hata kibaba," akasema, macho yamejaa.

Sikuzani aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na mivukuto ya marehemu baba yake, ya ngozi ya mbuzi, akaitupia begani.

Ndani ya treni abiria mmoja akashindwa kujizuia. "Mama, huyo mbuzi wako alikufa lini?"

"Hajafa. Anapumua kukushinda wewe."

Behewa zima likacheka, hata Kornel akatabasamu kidogo.

Jumapili walipofika kijijini misa ilikuwa imekwisha, na watu wamelizunguka lori. Mzee Kashindye, mwenyekiti, akampokea mgeni kwa heshima zote, lakini kwa Kornel hakugeuka.

"Ndugu fundi, karibu. Ila dizeli haitoboi pipa ikatoka yenyewe."

"Mzee wangu, nipe majani makavu ya tumbaku na kaa la moto. Maneno yatafuata."

Akatia kaa na tumbaku ndani ya kopo, akaunganisha kopo na mivukuto, akaondoa chujio la hewa, akaingiza mdomo wa mivukuto pale hewa inapoingilia na kuuziba kwa matambara. Kisha akavuta na kusukuma, kwa ule mwendo wa baba yake, polepole bila kukata. Moshi ukiingia ndani lazima utokee penye tundu, na penye tundu ndipo hewa ya tabo inapopotelea.

Watu wakakodoa macho. Haukutoka moshi popote.

"Basi," akasema sauti moja nyuma, "tundu liko mfukoni mwa dereva!"

Wakaangua kicheko. Kornel akakaa chini kwenye vumbi, mikono kichwani. Sikuzani akaichomoa mivukuto. Alikuwa na hakika tundu lipo. Akauzunguka ule mpira mnene unaotoka kwenye tabo kwenda kwenye injini, akaupapasa. Ulikuwa mzima, laini, tena unateleza. Mpira gani wa lori la shamba unateleza? Akanusa vidole vyake.

"Pakieni tumbaku," akasema. "Kornel, simama. Lipeleke mpaka mchangani urudi, usilionee huruma."

Lori likaenda likilia, likarudi linafuka. Injini ilipozimwa, Sikuzani hakungoja ipoe. Akarudia kopo lake na mivukuto yake. Safari hii moshi ukafumka chini ya ule mpira, mweupe, mwingi, na pamoja nao harufu tamu ya asali. Nyuki wawili watatu wakaja wakizunguka.

"Kornel," akasema Sikuzani, "uliziba nini hapa?"

"Ulipasuka, dada. Mpira mpya haupatikani. Nikaziba kwa nta, kama tunavyoziba ufa wa kibuyu. Ilishika vizuri sana!"

"Ikiwa baridi, imeshika. Hewa ya tabo ni ya moto, bwana we! Nta inayeyuka, ufa unafunguka. Lori likipoa, inaganda tena, na mimi napuliza moshi kama mganga."

Akafungua kile kibomba chembamba kinachoipelekea pampu ya dizeli habari za hewa. Kilikuwa kimejaa nta iliyoyeyuka kwenye ufa ikasukumwa humo na hewa, sasa imeganda kama mshumaa. Pampu, akawaeleza, ilikuwa imefungiwa mkandamizo wa zamani wa hewa, ikadhani hewa bado ni tele, ikaendelea kumwaga dizeli ambayo injini haiwezi kuichoma. Ndiyo moshi mweusi. Ndilo pipa linaloshuka.

Akakichemsha kile kibomba, akakipitishia spoku ya baiskeli, akakikausha. Ufa akaufunga kwa mpira wa ndani wa tairi, tabaka juu ya tabaka, akaukaza kwa waya. Mzee Kashindye akapanda mwenyewe karibu na dereva. Lori likaondoka na mzigo uleule, likaupita mchanga kama halikuuona, na nyuma yake hapakuwa na moshi wa kusema.

Liliporudi, mzee alishuka wa kwanza. Alimpa Kornel mkono mbele ya watu wote, na hakuuachia upesi.

"Tumekukosea, mwanangu."

"Na mimi nililikosea lori, mzee."

Kornel akacheka na kulia kwa pamoja, na wanawake wakapiga vigelegele. Sikuzani naye akashusha pumzi, akaomba maji ya kunywa.

Kisha akamwita Bertila, aliyekuwa amesimama mbali, anaona haya.

"Njoo, mwanangu. Uliona pipa linashuka ukasema, hukukosea. Ila uliangalia pipa peke yake." Akamshika mkono akauweka juu ya ule mpira. "Kuanzia leo, lori likirudi lina moto na injini bado inanguruma, kabla hujampimia dereva dizeli, utapapasa hapa, na hapa, na hapa. Ukisikia upepo, niite. Mivukuto nakuachia. Haya, vuta nikuone."

Bertila akavuta haraka haraka.

"Polepole," akasema Sikuzani. "Bila kukata."