Jina la Kreszenz

Mpiga udi wa ghorofa ya tatu alimwibia Walpurga wimbo uliotungwa na marehemu mama yake, Kreszenz, akautia kitabuni mwake kama wake. Walpurga humfulia, humtandikia kitanda, na mchana kutwa udi ndio unaolala humo chini ya blanketi, maana unyevu wa Vienna hulegeza nyuzi za utumbo wa kondoo. Mpiga udi mwenyewe huketi kando akitetemeka kwa baridi. Hukaza uzi, husikiliza, hulegeza, hukaza tena. Vidole vyake havikosei. Leo fundi anayechonga kurasa kwenye bamba za shaba ili zichapwe alikuja kuchukua karatasi za kitabu hicho, na kikishachongwa, hakifutiki.

“Bwana, jina la mama umeliandika?” Walpurga alimuuliza mpiga udi.

“Lipo, Bi Walpurga. Hizo si herufi hizo?”

Walpurga hajui kusoma. Aliona mistari iliyojaa herufi ukurasa mzima, kwa kuwa muziki wa udi huandikwa kwa herufi. Lakini kile kidole cha mpiga udi kisichokosea uzi, kilipotaka kumwonyesha jina, kiligusa hapa, kikahamia kule, kikarudi.

“Kumbe mama alikuwa na jina refu kuliko la kaizari!” Walpurga alisema.

Fundi alicheka, akafunga mkoba, akashuka ngazi. Mpiga udi bado anadaiwa mstari mmoja, unaosema kwamba wimbo huo ni wa Kreszenz, mfua nguo.