Bisadi, Paka Jike wa Nyumbani Kwetu

Paka dume ana jina lake, shume. Jike hana, husemwa tu paka jike, kama vile majina yaliisha. Lakini nyumbani kwangu jike aliitwa bisadi, na neno hilo alilileta binti yangu kabla hajafika umri wa shule. Sikumuuliza amelitoa wapi. Watoto hutunga, nikajua amelitunga.

Mto ulipofurika tukahamia kwenye mwinuko, binti yangu akashikwa na homa. Boti alikuwa nayo mwenyekiti wa kamati ya msaada, anavushia mabati yake. Nilimshika kanzu atuvushe kwenda hospitali. Akasema ningoje safari ijayo, na safari ijayo akapakia mbuzi. Jina lake siliandiki hapa, lakini aliyeniulia mtoto ni yeye, si maji. Anajua, na kijiji kizima kinajua.

Nguo za binti yangu zilikwenda na nyumba. Picha hatukuwa nayo. Nilibaki na lile neno, na kila paka jike niliyemfuga tangu hapo nimemwita hivyo.

Mwaka huu niliingia duka moja Garsen, la mama wa Kisomali aliyekuwa na kibanda kijijini kwetu kabla ya mafuriko. Siku zile chumvi na majani ya chai nilikuwa namtuma binti yangu. Sasa nimesimama pale nangoja unga, namsikia anamwita paka wake aliye chini ya meza: bisad, bisad. Kumbe ni Kisomali. Kumbe hata hilo halikuwa la mwanangu.

Nikamuuliza kama kwao bisad ni paka jike. Akasema la, dume, jike, wote. Halafu akanitazama sana, akaacha kupima unga.

"Abaayo," akaniambia, ndiyo dada kwao, "mwanao alikuwa akinigombeza dukani kwangu mwenyewe. Nikimwita dume bisad, ananikataza. 'Shume ni baba, bisadi ni mama, umesikia?'"

Akacheka, akafuta macho kwa mtandio. Wanawe, akasema, wamekua na lugha hiyo ya binti yangu. Mpaka leo dume hawamwiti bisad, na binamu zao wa Garissa huwauliza hicho ni Kisomali cha wapi.

Nikamwomba ayarudie yale maneno, ila asiyaseme kikubwa. Ayaseme kitoto, vile alivyoyasikia.