Mlango wa Ouma na Koti ya Pili

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali pale Homa Bay sikupewa brashi. Msimamizi wa karakana, mtu mnene asiyependa maneno mengi, alinipeleka kwenye benchi la bustani lililopakwa vanishi siku iliyotangulia, akaniambia nikae nalo mpaka likauke, kisha nimwite. Nikadhani ananifanyia mzaha. Ilipofika adhuhuri nililigusa, kidole kikatoka kikavu, nikamwita kwa furaha. Alisugua kwa kipande cha msasa mara moja tu, akanionyesha. Msasa wote ulikuwa umejaa gundi.

"Umegusa ngozi," akasema. "Mimi nilikuuliza habari ya nyama."

Nyinyi mnaoshika brashi siku hizi mnasoma maandishi ya kwenye kopo, ati ngoja saa chache, paka koti nyingine. Koti, kwa lugha yetu ya kazi, ni tabaka moja la vanishi. Sasa niambieni, aliyeandika hayo amewahi kuishi kando ya ziwa msimu wa mvua? Vanishi ya nje ni ya mafuta. Huanza kukauka juu, ndani kukiwa bado kubichi, na hewa ikiwa na unyevu inachelewa mpaka uchoke kuitazama. Ukiwahi kupaka koti ya pili, umeifungia chini tapentaini iliyochanganywa humo kuilainisha, na haina pa kutokea. Mbao zitang'aa, mtapiga picha, halafu zitanata wiki baada ya wiki. Paka nyembamba, ngoja, kisha sugua kidogo. Msasa ukitoa unga, endelea. Ukitoa gundi, nenda zako nyumbani. Nimeyasema haya hadi nikachoka, wala sioni anayesikia. Nayarudia kwa ajili ya mlango wa mwanangu Ouma tu.

Kutoka Homa Bay nilitumwa Kisegi kupaka milango ya zahanati. Adui wa huko ni vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi. Vilitua kwenye vanishi mbichi vikafia humo humo, nami nikavichomoa kimoja kimoja kwa ncha ya wembe. Awendo nako ni majivu. Shamba la miwa likichomwa, majivu meusi yanakuja na upepo na kulala juu ya kazi yako, na hiyo kazi unaianza upya.

Hapo Awendo ndipo nilipokosana na Bwana Inspekta wa Majengo. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja kufungua jumba la mikutano, na madirisha yalikuwa na koti moja tu. Inspekta akaniamuru nipake nyingine siku ile ile. Nikamwambia haijakauka. "Wewe ng'arisha," akasema. "Mambo ya kukauka ni ya Mungu." Nilikataa mbele ya wenzangu. Muda si mrefu nikapewa uhamisho wa Kehancha, na watu wakanionea huruma. Kumbe kule juu hewa ni kavu zaidi, vanishi inakubali. Nilikaa huko mpaka nikastaafu, na nilijivuna, siwafichi, kwamba hakuna aliyewahi kunilazimisha kupaka juu ya mbichi.

Halafu Ouma akafia Nairobi.

Kijana wangu alikuwa na mipango ya kujenga. Kila Krismasi alikuja akapima kiwanja kwa miguu, akarudi mjini. Kwetu mwanamume mzima haletwi kuzikwa kwenye boma ambalo hana nyumba yake. Lazima usiku wa mwisho alale kwake. Basi ndugu zangu wakasimamisha nyumba ya mabati harakaharaka, huku mwili ukiwa bado mochari. Mimi sikuwa na nguvu za kupanda ngazi wala akili ya kushika nyundo. Niliomba jambo moja tu: mlango niachiwe mimi, niumalize inavyotakiwa. Sikuwa na kingine cha kumfanyia mtoto wangu.

Mvua haikutupa nafasi. Nilipaka koti ya kwanza chini ya turubai. Kesho yake nikajaribu msasa, ukatoa gundi. Ndugu yangu mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, akaja akasimama mbele ya ule mlango uliojaa mabaka.

"Jaduong'," akaniita kwa heshima, "watu watatoka kila upande. Mlango wa fundi wa vanishi ndio huu?"

Nikamwambia haujakauka.

"Ouma anafika leo jioni," akasema taratibu. "Tumwambie angoje?"

Nikachukua brashi. Nilipaka koti ya pili juu ya mbichi, na ikang'aa vizuri sana. Watu walinisifu, nami nilitamani ardhi inimeze.

Jioni wakamleta, wakamlaza ndani. Mama Ouma, mke wangu, alibaki naye pamoja na wanawake wengine, na kwa sababu ya mvua wakaufunga mlango.

Asubuhi tulipokwenda kumtoa, mlango ulikataa. Waliokuwa ndani walivuta, sisi tukasukuma, wapi. Shangazi yake akaanza kulia kwa sauti kwamba mtoto hataki kutoka, ndiyo kwanza amepata nyumba, mnamkimbiza kwenda wapi? Wanaume wakaondoa mikono yao mlangoni, wakarudi nyuma. Ndani nilimsikia Mama Ouma akimbembeleza mwanawe kwa jina lake la utotoni.

Mimi nilisikia harufu ya tapentaini. Ubao ulikuwa umevimba, vanishi mbichi ikashikana na fremu. Niliomba panga, nikalipitisha kwenye ufa kutoka juu hadi chini, na vanishi ikachanika vipande vipande ikabaki kwenye fremu. Mlango ukafunguka. Tukamzika.

Sasa jua linawaka, nami muda ninao. Ningeweza kuukwangua mlango ule na kuupaka upya, koti kwa koti, bila mtu wa kunihimiza. Mama Ouma hataki niuguse. Kila jioni huenda kupapasa pale palipochanika, na huniambia mtoto wake aliipenda nyumba yake, aliishikilia kwa mikono miwili. Namwitikia. Ningetoa chochote niamini kama anavyoamini yeye, lakini nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na najua kilichoushika mlango ule ni nini.